Vivimbe vya Uso Vinavyodhaniwa Kuwa Chunusi

Mtoto wa miaka mitano hatazamiwi kuwa na chunusi. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati, awe Ngara au Biharamulo, akiona vivimbe vidogo vigumu puani na mashavuni mwa mtoto wa umri huo, visivyo na usaha wala vichwa vyeusi, asikimbilie dawa ya chunusi. Amwulize mzazi kama mtoto amewahi kupata degedege au kifafa. Kisha amvue shati na kutafuta mabaka meupe, mengine yenye umbo la jani, ambayo kwa kawaida hutangulia vivimbe. Dalili hizo tatu zikikutana, ashuku tuberasi sklerosisi, ugonjwa unaompata takriban mtoto mmoja kati ya 6,000 wanaozaliwa.

Chanzo ni hitilafu katika jeni ya TSC1 au TSC2, ambazo kazi yake ni kuzuia seli zisikue kupita kiasi. Vivimbe vya usoni si saratani, wala haviambukizi. Wagonjwa wapatao theluthi mbili hawakurithi hitilafu hiyo kwa mzazi yeyote. Ilianza kwao wenyewe. Mama aambiwe hili waziwazi, kwa maana lawama humwangukia yeye kwanza.

Zamani tulitegemea kuvikata au kuvichoma kwa umeme na leza. Uso hulainika kwa muda, kisha vivimbe huota tena, na ngozi nyeusi huweza kubaki na makovu yaliyovimba. Siku hizi ipo sirolimusi ya kupaka, inayofanya kazi iliyowashinda jeni hizo. Dawa hii ilitokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ikatumiwa kwanza kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Jeli yake ya asilimia 0.2 iliidhinishwa Japani mwaka 2018 na Marekani mwaka 2022. Hupakwa mara mbili kwa siku, na matokeo hupimwa baada ya wiki 12. Huweza kukausha na kuwasha ngozi. Jua kali liepukwe. Ikiachwa, vivimbe hurudi. Bei yake ni kubwa. Mfamasia mwenye ujuzi wa kuchanganya dawa huweza kuitengeneza kutokana na sirolimusi ya kumeza, lakini mtu asithubutu kusaga vidonge nyumbani.

Rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, isiandikwe kwa ajili ya uso peke yake. Barua itaje kifafa, na iombe figo zipimwe kwa ultrasaundi hata kama mtoto halalamiki, kwani vivimbe vya figo hukua kimya na baadaye huweza kuvuja damu. Na katika safari hiyo ndefu, dawa za kifafa zisikosekane mkobani.