Ugonjwa wa Misuli kwa Watoto wa Kiume: Si Uvivu Wala Uchawi

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto, hasa wa kiume. Unaitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Humpata mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 3,500 hadi 5,000 hivi, wa kila taifa.

Katika kazi yangu ya uuguzi, nyumbani na hapa Uingereza, nimeona familia zikichelewa hospitali kwa sababu mtoto ameitwa mvivu, au watu wamesema amerogwa. Lawama zote humwangukia mama. Ndiyo maana naona tuuelewe.

DALILI ZAKE

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Baadaye wazazi huona haya:
- Anachelewa kutembea, hata baada ya miezi 18.
- Anaanguka mara kwa mara, hawezi kukimbia wala kuruka kama wenzake.
- Anatembea kwa kuchuchumia.
- Mashavu ya miguu yake ni manene na magumu. Watu humsifu kuwa ana nguvu, kumbe misuli imejaa mafuta na makovu.
- Akitaka kuinuka sakafuni hushika magoti na mapaja yake, akijipanda kwa mikono. Daktari Gowers wa London aliieleza dalili hii mwaka 1879.
- Wengine huchelewa pia kusema.

Bila matibabu, wengi huacha kutembea wakiwa na miaka kama 10 hadi 13. Baadaye moyo na kupumua huathirika.

WATAALAMU WALIGUNDUA NINI?

Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari waliuona ugonjwa bila kujua chanzo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Kay Davies na wenzake London walionyesha mahali kasoro ilipo kwenye kromosomu X. Mwaka 1987 kundi la Louis Kunkel huko Boston likatangaza protini inayokosekana, wakaiita distrofini. Kazi yake ni kama ya kamba inayoishikilia misuli isichanike inapojikunja. Ikikosekana, misuli huchanika kidogo kidogo kila siku mpaka inaisha.

Mwaka 1989 kundi la Davies, sasa likiwa Oxford, lilieleza protini nyingine inayofanana nayo, utrofini. Wakajiuliza: je, ikiongezwa inaweza kushika nafasi ya ile iliyokosekana? Kwa panya ilisaidia. Lakini dawa iliyotokana na wazo hilo, ezutromid, haikuonyesha manufaa kwa watoto, na majaribio yake yalisimamishwa mwaka 2018. Hivyo akija mtu na dawa ya "kuponya kabisa", ya hospitali au ya kienyeji, muulize kwanza daktari wa mtoto.

UNARITHIWAJE?

Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana moja. Mama mwenye X moja yenye kasoro kwa kawaida haugui, kwa kuwa ile nyingine inamsaidia. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na kila binti nusu kwa nusu wa kuibeba jeni hiyo. Lakini karibu theluthi moja ya watoto hupata kasoro mpya kabisa ambayo mama hana. Kwa hiyo mama hakufanya kosa lolote. Pia hautokani na kuoa binamu.

Mama anayebeba jeni apimwe moyo, maana baadhi yao hupata udhaifu wa moyo. Dada zake walioko nyumbani nao waambiwe, kwani huenda wanaibeba.

UFANYE NINI?

1. Nenda kwa daktari uombe kipimo cha damu cha CK. Kikiwa juu sana, hufuata kipimo cha jeni. Vipimo vya ini pia vinaweza kupanda kwa sababu ya misuli, hata kama ini ni zima. Hapa Uingereza NHS hutoa mkalimani bila malipo, usimtumie mtoto kutafsiri. Kwingineko, uliza bima yako.

2. Dawa za steroidi huchelewesha kudhoofika. Usimwachishe ghafla, ni hatari. Mkienda likizo nyumbani, chukueni dawa za kutosha na barua ya daktari.

3. Kabla ya tohara, kung'oa jino au upasuaji wowote, mwambie daktari mapema. Baadhi ya dawa za nusukaputi zinaweza kuusimamisha moyo wa mtoto huyu.

4. Mazoezi ya kunyoosha viungo na kupimwa moyo mara kwa mara ni lazima, hata akijisikia vizuri.

5. Tiba ya jeni iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, lakini baadhi ya waliopewa walifariki baadaye kwa ini kushindwa kufanya kazi. Uliza faida na hatari zake kabla ya kukubali.

Kwa matunzo mazuri vijana wengi sasa wanafika utu uzima, wanasoma na wengine wanafanya kazi. Ukimwona mtoto wa jirani anajipanda kwa mikono akiinuka, zungumza na mama yake kwa upole, faraghani.