Mtawala Asiyenunua Shamba: Somo katika Nehemia 5

Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipolieleza ombi la mkate wa kila siku, hakuhesabu chakula na mavazi tu, bali na serikali njema pia. Watoto wetu wa kipaimara hujifunza neno hili kwa moyo, walakini ni mara chache tunaulizana maana yake penye baraza la kijiji. Basi mwezi huu twataka kulitazama, na Nehemia awe mwalimu wetu.

Nehemia alikuwa liwali wa Yuda miaka 12. Maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao wapate nafaka, na wengine watoto wao walikuwa wamekwisha kuingia utumwani kwa ajili ya deni. Wote twakumbuka jinsi alivyowakemea wakuu waliotoza riba. Lakini aya ya 16 twaipita upesi, nayo yasema ya kuwa yeye na watu wake hawakununua shamba. Mtu aweza kujibu, Kununua si kuiba. Ni kweli. Tena mashamba yalikuwa rahisi siku zile, wala liwali hakukosa fedha. Lakini yeye ndiye aliyeamua mashauri ya wenye deni. Kama angalinunua, ni nani angalimwamini alipohukumu habari za shamba?

Kwetu Ngara na Biharamulo, jambo hili si la kale. Dhahabu ya Tulawaka, wilayani Biharamulo, ilianza kuchimbwa mwaka 2005, na mwaka 2013 mgodi ukapita mikononi mwa shirika la Serikali, STAMICO. Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano juu ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Po pote zijapo kazi za namna hii, watu wachache hutangulia kujua mpaka utapita wapi: mpima ardhi, diwani, mtendaji, mwenyekiti. Mjane mwenye migomba yake hajui. Mwenyekiti akiinunua migomba ile juma hili, na mwezi ujao wakaja watu wa kuthamini fidia, hati ni sahihi na fedha imelipwa. Hata hivyo mjane amenyang'anywa. Maana habari ile mwenyekiti alipewa kwa ajili ya watu wake, naye ameitumia juu yao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, yaiweka halmashauri ya kijiji kuwa kama mdhamini, yaani mtu atunzaye mali ya mwingine, na kuikataza kumgawia mtu ardhi pasipo kwanza kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tena Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, yamtaka diwani mwenye faida ya fedha katika shauri alitangaze, asilijadili wala asilipigie kura. Na kwa sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995, diwani hutoa tamko la mali na madeni yake. Hayo si mageni kwa wazee wetu. Katika Buhaya, jirani zetu, ardhi ya nyarubanja ilimfanya mtu mmoja awe mwenye shamba na mwenye ukuu juu ya mpangaji wake. Mpangaji angempeleka wapi? Utemi uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na nyarubanja mwaka 1965.

Lakini tusiwaze ya kuwa shida yote ni tamaa. Mara nyingi ni jamaa. Mtu akichaguliwa, baba mdogo humwendea, na shemeji humwendea, wala hawaji kama wezi. Waja kama watu waliomlipia ada ya shule. Akikataa kumpa shemeji kazi ya kujenga darasa, husemwa ya kuwa cheo kimempanda kichwani. Hilo ni zito, na sisi hatumcheki mtu aliyeshindwa nalo. Hata Samweli, aliyeweza kusimama mbele ya Israeli wote na kuuliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakapokea rushwa (1 Sam. 8). Yeye mwenyewe alikuwa na mikono safi. Jicho lake halikuona vema nyumbani kwake.

Kwa hiyo shauri letu si kwamba kiongozi awachukie ndugu zake. Na amsaidie shemeji kwa fedha ya mfukoni mwake. Bali neno la shemeji lifikapo mezani, aseme waziwazi, Huyu ni wangu, kisha atoke nje, na katibu aandike katika muhtasari saa aliyotoka. Ni jambo dogo, nalo huokoa ujamaa pia, kwa sababu aliyekataliwa na wengine hana kisa na ndugu yake.

Ipo na mikopo ya vikundi, ile ya sehemu ya kumi ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha Aprili 2023, ikairudisha mwaka 2024. Kama mke wa mjumbe yumo katika kikundi kiombacho, mjumbe na atoke.

Wazee wengi wa sharika zetu ni wajumbe wa kijiji vilevile. Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, wazee na wakutane, wasome Nehemia 5:1-19, kisha watazame vitabu vyao wenyewe: ni nani aliyeuza mbao za kanisa, kwa bei gani, na yu ndugu ya nani? Nani alikaa chumbani bei ilipopangwa? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya usharika Jumapili ifuatayo baada ya matangazo.