Somo la mwezi: Mbao iliyotiwa dawa, inafaa wapi na ni hatari wapi



Huku kwetu Butembo, Lubero na Beni, miguu ya vitanda vya kukaushia kahawa inaoza haraka. Wengine wanaipaka mafuta ya vidanji, wengine wanatafuta vipande vya nguzo za umeme. Tujifunze pamoja, sababu dawa isiyofaa inaweza kuharibu kahawa, kakao na hata afya ya watoto.

1. Kwa nini mti unaoza?

Maadui ni wawili: kuvu na mchwa. Kuvu inahitaji maji na hewa. Ndiyo maana poto huoza kwanza pale inapoingia katika udongo, hapo vyote viwili vinakutana. Mti uliokauka vizuri, chini ya 20% ya unyevu, hauozi.

Tuangalie pia mti wenyewe. Kiini cha mvule, ile sehemu ya ndani yenye rangi, kinajikinga chenyewe. Sehemu nyeupe ya nje haijikingi, hata kwa mvule. Mikaratusi yetu tunaikata ikingali michanga, kwa hiyo karibu yote ni nyeupe.

2. Dawa inaingia namna gani?

Dawa ya kupaka kwa brashi inabaki juu tu. Kiwandani, nguzo zilizokauka zinaingizwa katika tanki kubwa la chuma. Mashine inavuta hewa kutoka ndani ya mti, dawa inajazwa, kisha inasukumwa kwa nguvu ya bari 10 au zaidi. Njia hii ilianza Uingereza mwaka 1838. Jirani zetu wa Uganda wana viwanda vya namna hiyo.

Dawa inaingia sehemu nyeupe, lakini kiini kinaikataa. Kwa hiyo nguzo ya mviringo, yenye sehemu nyeupe pande zote, inakingwa vizuri kuliko ubao uliopasuliwa.

3. Kujua dawa kwa rangi

Rangi ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki. Arseniki ni sumu kali. Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za nyumbani mwisho wa 2003, na Ulaya iliwekewa mipaka 2004. Nguzo nyeusi yenye harufu kali imetiwa kreosoti, inayotoka katika makaa ya mawe. Nayo inaweza kuleta saratani.

Lakini rangi peke yake isitudanganye, mtu anaweza kupaka kijani juu tu. Muuzaji akate ncha: tuone rangi imeingia sentimita ngapi.

4. Mambo ya kukataa kabisa

- Tusichome kipande cha mbao hiyo, si jikoni, si kwenye kukausha kakao. Moshi unabeba arseniki, na nyingine nyingi inabaki katika majivu.
- Majivu yake tusiyatie shambani wala kwenye mboga.
- Tusitengeneze nayo sanduku la kuchachushia kakao, meza inayogusa kahawa, mzinga wa nyuki, wala chombo cha chakula cha kuku na mbuzi.
- Anayeikata afunike pua na mdomo, afanye kazi nje, akusanye unga wa msumeno, na anawe mikono kabla ya kula.
- Mafuta ya vidanji tuyaache. Hayaingii ndani ya mti, yana metali zenye sumu, na harufu yake inashika kahawa. Mnunuzi akiisikia, mfuko unarudi.

5. Tufanye nini sasa?

Kwa poto ya uzio, nguzo iliyotiwa dawa kiwandani inafaa. Ukiikata, ncha uliyokata ikae juu na ile ya kiwandani iingie udongoni, sababu kwa kukata unafungua sehemu isiyo na dawa.

Kwa meza za kukaushia, njia nafuu ni kuzuia maji. Toa maganda, kausha mti kivulini miezi kadhaa, kisha simamisha miguu juu ya jiwe au saruji, isiguse udongo. Kagua njia za mchwa kila juma na uzivunje.

Kwa mbao za paa, borasi inazuia wadudu na kuvu, lakini mvua inaiosha. Itumike tu mahali pakavu, mbali na chakula.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwetu, mbao gani inagusa kahawa au kakao? Imepakwa nini?
2. Nani anachoma vipande vya nguzo za zamani? Tutamwelezaje bila kumwaibisha?
3. Miguu ya meza ngapi inaweza kuwekwa juu ya jiwe kabla ya mvua kurudi?

Majibu yaandikwe katika daftari la kooperative. Tukifika, tutayaangalia pamoja kwenye meza zenyewe.