Elimu kwa Mnunuzi: Jiwe la Labradoraiti na Imani Zinazoambatana Nalo

Labradoraiti ni jiwe la kijivu kilichokolea, wakati mwingine karibu jeusi, linalouzwa likiwa pete, mkufu au bangili. Baadhi ya wauzaji hulisifu kwa uzuri wake. Wengine hudai kuwa linakinga husuda na kuponya maradhi. Ni muhimu mkazi alifahamu vyema kabla ya kutoa pesa zake.

Ni jiwe gani?

Labradoraiti ni aina ya felspa, jamii ya madini inayopatikana kwa wingi zaidi katika ganda la dunia. Limepewa jina la Labrador, pwani ya mashariki mwa Kanada, ambako wamisionari wa Kimoravi walilikusanya katika karne ya 18. Lingine huchimbwa Ufini, na kiasi kikubwa kilicho sokoni leo hutoka Madagaska.

Sifa yake kuu ni mmweko wa rangi: bluu, kijani au dhahabu. Miamba iliyoyeyuka ilipopoa polepole, madini haya yalijigawa katika tabaka nyembamba mno. Mwanga ukigonga tabaka hizo hurudi ukiwa na rangi, jinsi mafuta yaliyomwagika juu ya maji yanavyoonekana kuwa na rangi nyingi.

Watu huamini nini?

Hadithi inayohusishwa na Wainuit wa kaskazini mwa Amerika husema kuwa mianga ya anga ya kaskazini ilinaswa ndani ya miamba ya Labrador. Siku hizi, wanaotumia mawe katika kutafakari huliita jiwe la ulinzi na mabadiliko. Wanasema kuwa mng'ao uliofichika katika jiwe jeusi humkumbusha mtu uwezo uliofichika ndani yake.

Kila mtu ana uhuru wa kuamini. Hata hivyo, hakuna uthibitisho wa kitabibu kuwa jiwe hili hutibu ugonjwa wowote. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au kifafa asiache dawa kwa sababu amevaa kito.

Kabla ya kununua

• Ligeuze jiwe polepole kwenye mwanga. Mmweko wa kweli huonekana pembe fulani na kupotea pembe nyingine. Rangi isiyobadilika kila upande ni dalili ya kitu kilichopakwa.
• Lishike. Plastiki huwa nyepesi na haina ubaridi wa jiwe.
• Lipia uzuri wa mmweko na ung'arishaji, usilipie ahadi ya uponyaji.
• Dai risiti inayotaja jina la jiwe.

Utunzaji

Ugumu wake ni 6 hadi 6.5 katika kipimo cha Mohs, hivyo mchanga unaweza kulikwaruza. Likigongwa hupasuka kwa urahisi. Lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha lipanguswe kwa kitambaa laini.

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kudai kuwa bidhaa ina manufaa ambayo haina. Mkazi aliyedanganywa ahifadhi jiwe na risiti, kisha apeleke malalamishi yake katika afisi ya biashara ya kaunti au kituo cha polisi kilicho karibu.