Beer-sheba: Kisima cha Saba, Kisima cha Kiapo

JUMANNE

Soma Mwanzo 21:22–34 na Mwanzo 26:26–33. Jina Beer-sheba lilitokana na nini, nalo lina maana gani?

Katika Kiebrania, *beer* ni kisima. *Sheva* ni saba. Hata neno letu “saba,” lililotufikia kutoka Kiarabu, ni la ukoo huohuo. Lakini herufi zilezile tatu za shina la *sheva* huunda pia kitenzi cha kuapa. Kwa hiyo jina hili husomeka kwa njia mbili: Kisima cha Saba, au Kisima cha Kiapo.

Musa anaziweka maana zote mbili katika kisa kimoja. Watumishi wa Abimeleki walikuwa wamekinyang’anya kisima cha Ibrahimu. Ibrahimu, ambaye aliwahi kuongoza vijana 318 vitani (Mwa. 14:14), safari hii hakushika silaha. Alimweleza mfalme lalamiko lake waziwazi, kisha akampa wana-kondoo wa kike saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba. Angalia jambo hili: aliyedhulumiwa ndiye aliyetoa. Ndipo wote wawili wakaapa.

Isaka naye alifukuzwa, na visima vya baba yake vikafukiwa. Waliomchukia walipomjia kutafuta amani, aliwafanyia karamu, na asubuhi wakaapiana. Siku iyo hiyo watumishi wake wakaleta habari kwamba wamepata maji. Akakiita kisima kile Shiba, na jina la mji likathibitika tena.

Soma Amosi 5:5 na Amosi 8:14. Nini kilikuwa kimetokea Beer-sheba kufikia siku za Amosi?

Mahali ambapo Ibrahimu aliliitia jina la Bwana, Mungu wa milele, palikuwa pamegeuka kuwa kituo cha ibada ya uongo. Watu waliendelea kusafiri kwenda huko na kuapa, lakini si kwa uaminifu kwa Bwana. Jina lilibaki, maana yake ilikuwa imekufa.

Sisi nasi tunaitwa kwa jina la Kristo. Jina hilo halitulindi ikiwa maneno yetu hayaaminiki kwa jirani tunayepakana naye shambani au tunayechota naye maji (Mt. 5:37).

*Je, kuna ahadi uliyotoa ambayo hujaitimiza, au ugomvi unaongoja wewe uanze kutoa? Utachukua hatua gani kabla ya Sabato?*