Somo la Fiqhi: Wizi wa Mabavu, Adhabu Moja au Daraja Mbalimbali?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapenzi, na nyinyi wazee wetu mnaosomewa jarida hili nyumbani, tulipofika mlango wa jinai katika darasa la juu kijana mmoja alinyanyua mkono. Jirani yao, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa amekamatwa na mwenzake kwa kumpokonya mtu simu usiku. Hawakuwa na silaha, walimsukuma akaanguka. Mama wa kijana ameambiwa kuwa shtaka ni wizi wa mabavu na adhabu yake ni kifo. "Maalim," akauliza, "ni kweli? Kwa simu?"

Mwenzake aliyekaa nyuma hakungoja tujibu. Mjomba wake alikatwa kwa panga na vijana wa namna hiyo, na mkono wake haunyooki tena. "Wanyongwe wote," akasema. Darasa likanyamaza. Tukawaomba watupe muda, kwani swali la namna hii halijibiwi kwa hamaki. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana ghadhabu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mwalimu naye asihukumu mbele ya darasa akiwa na huzuni.

Tuanze na sheria ya Kenya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 296 kina sehemu mbili. Ya kwanza inasema mnyang'anyi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ya pili inasema atahukumiwa kifo, ikiwa alikuwa na silaha au chombo cha hatari, au alikuwa pamoja na mtu mmoja au zaidi, au alimpiga au kumjeruhi mtu. Litazameni vizuri hilo neno "au". Moja tu katika hayo matatu linatosha. Kwa hivyo vijana wawili waliopokonya simu mikono mitupu, na genge lililovamia nyumba kwa bunduki, wote wanaingia mlango mmoja na kutokea mlango mmoja.

Tena kifungu cha 295, kinachoeleza unyang'anyi ni nini, tayari kimeshataja kutumia nguvu au kutishia kuitumia. Basi mpaka baina ya miaka 14 na kifo uko wapi? Mara nyingi uko kwa yule anayeandika shtaka. Na aliyejaribu akashindwa, kifungu cha 297 kinaweza kumpeleka kwenye kifo, ilhali kifungu cha 389 kinasema anayejaribu kosa la adhabu ya kifo asifungwe zaidi ya miaka 7. Sheria moja, majibu mawili.

Hatukuwa sisi wa kwanza kuliona jambo hili. Mwaka 2016 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema vifungu hivyo vya unyang'anyi havijapambanua makosa na adhabu zake kwa uwazi unaotakiwa na Katiba, wakaipa serikali miezi 18 irekebishe. Miezi ikesha, vifungu vikabaki vilivyo. Mwezi wa Disemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba, kwa sababu mshtakiwa hapati nafasi ya kusikizwa juu ya umri wake, majuto yake, kama ni kosa lake la kwanza, na kama anaweza kurekebika. Wafungwa wengi wa wizi wa mabavu wakakimbilia mahakamani kutaka hukumu zao zitazamwe upya. Lakini mwezi wa Julai 2021 mahakama hiyohiyo ikafafanua kuwa uamuzi wake ulihusu kosa la kuua tu. Mwenye lalamiko juu ya kosa jingine na aanze kesi yake mahakama za chini. Jamani, basi aliyeua anasikizwa kabla ya kuhukumiwa, na aliyepokonya simu anangoja!

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia hukumu ya kifo wafungwa zaidi ya 4,000 ikawa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747. Ni rehema, hatukatai. Ila ni rehema ya jumla: mwenye bunduki na mwenye mikono mitupu wamepimiwa kibaba kimoja mara ya pili.

Mahakama ina mwongozo wa utoaji adhabu, uliotolewa 2016 na kupitiwa upya 2023. Ule wa 2016 ulimtaka hakimu aanzie kwenye nusu ya kifungo cha juu kilichowekwa na sheria, kisha apandishe kwa yanayozidisha uovu na ateremshe kwa yanayopunguza. Ni njia nzuri. Kwa kosa la miaka 14 ataanzia 7. Lakini kwa adhabu ya kifo ataanzia wapi? Nusu ya kifo haipo. Ndiyo maana sisi tunaona marekebisho ya kosa hili hayawezi kuanzia kwenye mwongozo. Lazima ngazi ijengwe kwanza ndani ya sheria yenyewe, ndipo hakimu apate pa kupanda na pa kushuka.

Sasa tufungue Suratul Maida, aya ya 33. Humo Mwenyezi Mungu ametaja adhabu za wanaowavamia watu na kueneza ufisadi katika ardhi, nazo ni nne: kuuawa, kusulubiwa, kukatwa mkono na mguu kwa kutofautisha, au kuondolewa katika nchi. Hapa pia pana neno "au", na wanavyuoni wamelijadili sana. Imam Shafi, ambaye madh-hebu yake ndiyo tunayosomesha hapa, amelifahamu kuwa ni la kupanga daraja, kama ilivyopokewa kwa Ibn Abbas. Aliyeua huuawa, aliyeua na kuchukua mali huuawa na kusulubiwa, aliyechukua mali bila kuua hukatwa, na aliyetisha watu tu njiani bila ya kuua wala kuchukua huondolewa, na wengine wamesema hufungwa. Imam Malik ameona ni hiari ya kiongozi baada ya kupima, isipokuwa aliyeua, huyo hana nafuu. Shafi amepanga ngazi, Malik amempa hakimu nafasi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewaweka wote daraja moja.

Msitufahamu vibaya. Mahakama za Kadhi Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Jinai haimo. Tunachokisoma hapa ni namna ya kupima.

Kijana wa nyuma tusimsahau. Aya ya 34 inawatoa waliotubu kabla ya kushikwa, lakini wanavyuoni wamesema toba hiyo huondoa haki ya Mwenyezi Mungu tu. Mali irudishwe, na jeraha lina haki yake. Mkono wa mjomba ni deni. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 nayo inampa aliyedhurika nafasi ya kusikizwa na kudai fidia, na watu wetu wengi hawaitumii. Tulimwambia kijana amweleze mjomba wake.

Tulipowagawia karatasi waandike daraja zao wenyewe, yeye alianza na panga juu kabisa. Mikono mitupu aliiweka chini, akaifuta, akairudisha palepale. Kesi ya jirani bado inasikilizwa tunapoandika haya, na mama yake huja kutuuliza siku za Ijumaa.

Wallahu a'alam.