Ndigana Mbili, Dawa Si Moja

Siku ya mnada, ukisimama mlangoni mwa duka la dawa za mifugo utasikia ombi moja tangu asubuhi: "Nipatie OTC." Muuzaji haulizi ng'ombe ana nini, na mteja hasemi. Siku ya nne ng'ombe amelala, anahema kwa shida, povu linamtoka puani, na mwenye mali analalamika kuwa ameuziwa dawa feki.

Mara nyingi dawa ilikuwa nzima, ila haikuwa ya ugonjwa ule. Zipo ndigana mbili, na zote huletwa na kupe. Ndigana baridi husababishwa na bakteria, na OTC, yaani antibiotiki ya oksitetrasaiklini, huiweza ikiwahiwa. Ng'ombe hupata homa, kinyesi hukauka, fizi hupauka au kuwa za njano. Ndigana kali husababishwa na vimelea viitwavyo Theileria, vinavyoingia katika chembe nyeupe za damu. Kupe wake hupenda kujificha sikioni, kwa hiyo uchunguzi uanzie hapo. Pitisha vidole chini ya sikio, kisha shuka hadi mbele ya bega. Tezi ambayo kwa ng'ombe mzima ungeitafuta kwa taabu, utaikuta imetuna kama limau. Ingiza kipimajoto njia ya haja kubwa. Kikisoma nyuzi 40 au zaidi na tezi zimevimba, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, husaidia zaidi kabla mapafu hayajajaa maji.

Na OTC hiyohiyo ndiyo inayowezesha chanjo ya ndigana kali! Watafiti wa Muguga, Kenya, waliitengeneza katika miaka ya 1970. Ndama hudungwa vimelea hai, na papo hapo hudungwa OTC inayokaa mwilini muda mrefu. Vimelea hudhibitiwa vingali vichanga, mwili ukapata nafasi ya kujijengea kinga ya miaka mingi. Homa ikishapanda, sindano ileile haifui dafu. Chanjo hii huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, hivyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya yako, na mkusanye ndama wa kijiji kizima, maana chanjo ikishayeyushwa haisubiri.

Elimu ya kutibu mifugo kitaalamu nayo ilizaliwa na msiba. Shule ya kwanza ya udaktari wa mifugo ilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ikifyeka ng'ombe wa Ulaya. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo yake maarufu ilitengenezwa Muguga hiyohiyo na mtafiti Walter Plowright. Maeneo ambayo madaktari hawakuyafikia, kama Karamoja nchini Uganda, yalifikiwa na wafugaji waliofundishwa kuchanja. Ndiyo maana naumia kuona kijiji chenye maelfu ya ng'ombe kikikosa hata kijana mmoja aliyesomea mifugo katika chuo cha Tengeru au Mpwapwa.

Wakati tukimsubiri kijana huyo, nunua daftari. Andika tarehe, joto, dawa na kipimo kulingana na uzito. Ukiogesha, dawa ya kupe ifike ndani ya masikio. Na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa OTC usiyauze wala kumpa mtoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.